Ususi wa Afrika Mashariki: Kutoka Mkeka wa Uani hadi Saluni ya Mtu Mmoja

Kusuka nywele katika miji ya Waswahili kulikuwa, kwa muda mrefu, kazi isiyo na mwenyewe. Kila nyumba ilikuwa na mtu anayejua kusuka, na ni wachache mno walioishi kwa kazi hiyo. Aliyetaka kusukwa alitandika mkeka uani, akaketi chini na kuegemeza kichwa kwenye paja la dada, shangazi au jirani. Chanuo la mti likapasua njia, kidole kikachovya mafuta ya nazi au ya ufuta, na mkono ukaufuata mstari kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Twende kilioni, msuko wa mtu anayewahi msibani, ulimalizika kabla chungu hakijaiva. Misuko midogo ilikula mchana kutwa, na hapo ndipo mkono wa pili na wa tatu ulipoingia, mmoja upande wa kushoto na mwingine wa kulia, maongezi yakiendelea juu ya kichwa cha anayesukwa. Aliyesuka leo alisukwa keshokutwa, na hakuna aliyeweka hesabu.

Hata hivyo kichwa hakikukabidhiwa mtu yeyote tu. Nywele zilizonasa kwenye chanuo zilikusanywa zikafukiwa au kuchomwa, kwa kuwa iliaminika kwamba adui akizipata anaweza kumdhuru mwenyewe kwa uchawi. Palikuwa pia na imani, ambayo ingali inasikika katika saluni za leo, kwamba mikono ya wasusi haifanani: kuna mkono unaootesha nywele na kuna mkono unaozikata. Nywele zikijaa, sifa zilikwenda kwa mkono. Zikikatika pembeni mwa paji, lawama zilikwenda huko huko, au kwa kijicho cha mpita njia. Imani hiyo ilikuwa na faida moja isiyotajwa sana. Aliyeharibu kichwa cha mtu aliambiwa ana mkono mzito, akaacha kusuka, akarudi kwenye ukili wake au mapishi yake, na mambo yakaishia hapo. Riziki yake haikutegemea vichwa vya watu, wala thamani yake mtaani haikupimwa kwa misuko.

Haitakuwa haki kuupamba mkeka huo kupita kiasi. Katika nyumba za matajiri wa Unguja, Lamu na Mombasa za karne ya 19, bibi mwenye nyumba alihudumiwa na wajakazi waliokuwa watumwa, na hao hawakuwa na zamu ya kuhudumiwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyekuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Humo maisha ya wanawake wa kasri, mavazi yao, udi na manukato yao vimeelezwa kwa urefu, na nyuma ya kila pambo unaonekana wingi wa watumishi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Katika miongo hiyo wanawake waliotoka utumwani walishika kanga, kisha buibui, wakajitia asumini na vikuba kama walivyokuwa wakifanya mabibi zao. Kujipamba kukawa njia ya kutangaza uungwana, na kusukana wao kwa wao kukawa sehemu ya uhuru wenyewe.

Kazi hiyo ya mikono mingi ilishikiliwa na taasisi za wanawake. Kungwi, ambaye Mombasa na Lamu huitwa pia somo, alimsimamia mwali hadi harusini, na maandalizi ya bibi harusi, yaani singo, hina, udi na nywele, yaligawanywa miongoni mwa wanawake wengi kwa siku kadhaa. Vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, ambavyo mwanahistoria Margaret Strobel alivieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979, vilikuwa na vyeo, mashindano na sare, lakini pia vilisaidiana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyeelemewa alikuwa na mahali pa kulipeleka jambo lake bila kulifanya kuwa siri. Vyama hivyo vilipungua nguvu kuanzia katikati ya karne ya 20, kwa lawama za wanadini na kwa gharama zake pia.

Kwa upande wa wanaume mambo yalikwenda tofauti. Kinyozi alikuwa fundi wa kulipwa tangu zamani, mwenye kiti, kioo na wembe wake chini ya mti au kwenye kona ya soko. Alifanya kazi peke yake lakini hakuwa mpweke, kwa sababu benchi lake lilijaa watu waliokuja kunyolewa na wengine waliokuja kupiga soga tu. Mwanaanthropolojia Brad Weiss, aliyechunguza vinyozi wa Arusha wa miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2009, aliwakuta vijana wengi katika vibanda hivyo, wateja na wasio wateja, wakijadili maisha magumu mbele ya picha za wanamuziki wa Marekani zilizochorwa ukutani. Saluni ya kike ilikuja kuachana na desturi hiyo ya benchi, na tofauti hiyo ina uzito katika yaliyofuata.

Ususi wa kike uliingia sokoni taratibu. Katika miji ya ukoloni saluni za kwanza zilihudumia wake za Wazungu na Wahindi. Mwanamke Mwafrika aliyetaka nywele zilizonyooka alichomwa nyumbani: kitana cha chuma kilipashwa moto juu ya jiko la mkaa, kikafutwa kwa kitambaa, kikapitishwa kwenye nywele zilizopakwa mafuta, na alama za kuungua juu ya sikio zilikuwa jambo la kawaida. Kitana hicho, na baadaye dawa za kulainisha nywele, vilikuwa vimeshajenga biashara kubwa miongoni mwa Wamarekani weusi. Huko mwanamke wa saluni ya peke yake ana historia ndefu zaidi. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kuwa dobi kwa miaka mingi, aliweka makao ya kampuni yake Indianapolis mwaka 1910 na kuwafundisha maelfu ya mawakala kutengeneza nywele katika nyumba zao. Kila mmoja wao alifanya kazi peke yake nyumbani kwake. Aliwapanga katika vyama vya mahali walipoishi, na mwaka 1917 akaitisha mkutano wao Philadelphia, uliohudhuriwa na wanawake wapatao 200. Dawa za aina hiyo zilivuka bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam. Vyama havikuvuka pamoja nazo.

Siasa nayo iliingia kichwani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo wanawake walikuwa wameshabughudhiwa mitaani Kariakoo. Wigi likawa alama ya kukosa uzalendo. Misuko haikutajwa katika orodha ya marufuku, lakini hali ya miaka hiyo haikuwa ya kumtia moyo mtu atundike kibao cha saluni.

Mabadiliko makubwa yalitokea miaka ya 1980, na chanzo chake hakikuwa urembo. Mishahara ya Tanzania ilikuwa imepoteza thamani kiasi kwamba mfanyakazi wa ofisini hakuweza kuilisha familia kwa mwezi mzima. Aili Mari Tripp, katika utafiti wake wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1997, anaeleza jinsi wanawake walivyogeukia miradi: kufuga kuku, kuoka maandazi, kushona, na kwa wale wenye mtaji kidogo, saluni. Masharti ya biashara yalianza kulegezwa mwaka 1984, na katika zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, zile za ruksa, draya, rola na makopo ya dawa yalianza kuonekana madukani. Mwenye saluni wa kwanza wa aina hii alikuwa karani au muuguzi aliyepita jioni kukusanya mapato. Wasichana wawili watatu walifanya kazi kwa kamisheni. Upunguzaji wa watumishi wa umma wa miaka ya 1990, uliowaondoa makumi ya maelfu kazini, uligeuza mradi wa pembeni kuwa riziki yote. Baadhi ya waliopunguzwa walichukua kiinua mgongo, wakapanga chumba, na wao wenyewe wakasimama nyuma ya kiti.

Chumba hicho ndicho frem. Ya kawaida, katika mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam, ina mlango mmoja unaotazama barabara, kioo kirefu ukutani, kiti cha kuzunguka, viti vya plastiki, draya ya kusimama, beseni la kuoshea na bango la mitindo lililopauka kwa jua. Kodi hudaiwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, kwa hiyo msusi huwa ameshaingia deni kabla hajagusa kichwa cha mtu. Umeme hununuliwa kabla kwa mita ya LUKU, na uniti zikiisha mteja akiwa chini ya draya, msusi hukimbilia kwa wakala na taulo begani. Kuna miaka ambayo hata pesa ya LUKU haikusaidia: mgao wa 2006 na wa 2011 Tanzania, na ule wa 1999 na 2000 Kenya, uliwaacha wasusi wakikaa na wateja gizani au wakigawana jenereta na duka la jirani. Siku ya msimu mteja wa kwanza anataka kufumuliwa, wa pili kuwekewa dawa, wa tatu amekuja na mtoto. Dawa ya kulainisha, hasa yenye hidroksidi ya sodiamu, ikizidi dakika zake hubabua ngozi, kwa hiyo aliye peke yake hawezi kukiacha kichwa ili apokee simu, na hawezi kuiacha simu kwa kuwa huenda ni mteja. Sahani ya wali iliyoletwa na mama lishe hupoa juu ya rafu hadi alasiri.

Hesabu ya muda ndiyo iliyobadilika kuliko vyote. Rasta ndogo huchukua saa sita hadi nane kwa mikono ya mtu mmoja. Uani, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake watatu kwa mchana mmoja. Ndani ya frem kazi ya kichwa ni ile ile, mikono imepungua, na juu yake imeongezeka kodi. Msimu nao hauna huruma. Mwanzo wa Ramadhani kiti hukaa kitupu kwa siku nyingi, kisha kumi la mwisho hujaa hadi usiku wa manane kwa ajili ya Idi. Desemba ni hivyo hivyo kwa Krismasi na harusi. Anayekataa mteja wakati huo anajua kwamba Januari, ada za shule zinapolipwa, hatampata wa kumkataa.

Wenye saluni wengi hawakuanza peke yao. Waliajiri msichana, wakamfundisha kugawa nywele, kuseti, kushona wivingi; baada ya mwaka au miwili mkono wake ulipopata sifa alifungua yake mtaa wa pili na kuondoka na wateja. Hakuna sheria iliyovunjwa, na mwalimu wake alifanya vivyo hivyo kwa aliyemfundisha yeye. Mafunzo rasmi yapo, VETA kwa Tanzania na mitihani ya ufundi ya NITA kwa Kenya, lakini sehemu kubwa ya ususi imeendelea kufundishwa kitini namna hii. Baada ya kuondokewa mara kadhaa wenye saluni wengi huona afadhali wabaki wenyewe. Wanaokoa kamisheni na kuumia mgongo.

Hapa ndipo ile imani ya mkono ilipogeuka kuwa mzigo. Mteja anayehama haagi. Anapotea wiki tatu, kisha anaonekana kwenye picha ya WhatsApp akiwa na kichwa kipya kilichosukwa na mtu mwingine. Zamani aliyesuka vibaya alikuwa shangazi, na shangazi haachwi. Sasa kila kichwa kinachotoka mlangoni kinakwenda kuhukumiwa, na anayehukumiwa ni mtu, jina na kodi ya frem. Msusi aliye na mwenzake angeuliza kama kweli misuko ilikaza mno. Aliye peke yake hujiuliza mwenyewe usiku, na jibu huwa baya kuliko hali halisi, kwani mara nyingi mteja amehamia mtaa wa mbali au amekosa nauli tu.

Kwamba upweke huu hautokani na ususi wenyewe kunaonekana kwa wasusi wa Kimasai. Morani walikuwa na desturi ya kusukana nywele ndefu zilizopakwa mafuta na udongo mwekundu, hadi sherehe ya eunoto ambapo huzinyoa. Vijana wa Kimasai waliohamia Dar es Salaam na Zanzibar kutafuta kazi, wengi wakiwa walinzi wa usiku, waliugeuza ujuzi huo kuwa biashara ya mchana. Hukaa watatu au wanne kuzunguka kichwa kimoja, kwenye benchi au kibarazani, na kumaliza kwa muda mfupi kazi ambayo saluni ya mtu mmoja ingeifanya kutwa. Malipo hugawanywa. Wenye frem hulalamika kwamba bei zao ni za chini, jambo ambalo ni kweli, lakini Mmasai halipi kodi ya chumba wala hana draya ya kuilisha umeme.

Wasusi wa peke yao hawakukaa bila kujitafutia mbinu. Ya zamani kuliko zote ni upatu, au mchezo, ambao Kenya huingia katika kazi za chama: kila mmoja hutoa kiasi sawa kwa juma au mwezi, na jumla humwendea mmoja kwa zamu. Kwa mwenye saluni zamu hiyo ndiyo kodi ya frem au draya mpya, na mkutano wenyewe ni saa moja ya kukaa na wenzake wanaojua maana ya miguu kuvimba. Vikundi vya akiba vya VIKOBA vilivyosambaa Tanzania kuanzia miaka ya 2000 viliongeza mikopo na mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Pembeni yake ilikua mikopo ya marejesho ya kila juma, na ile ya riba kali ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu. Hapo nafuu iligeuka chanzo kipya cha kutolala, maana siku ya rejesho haisubiri msimu. Wengine waligawa chumba badala ya kukopa, wakamkodishia mtu wa kucha au wa kope kona moja. Vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi za kucha wamekuwa wageni wa kudumu wa saluni nyingi, na zaidi ya pesa wanaleta habari za mtaa.

Elimu ya kitabibu ililifikia suala la uchovu wa kazi kwa kuchelewa. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alieleza hali ya kuishiwa nguvu na moyo aliyoiona kwa watu waliojitolea katika kliniki, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya magonjwa kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Dalili zinazotajwa ni uchovu usioisha, kuichukia kazi na kujiona huwezi tena. Maelezo hayo yaliandikwa yakimfikiria zaidi aliyeajiriwa, mwenye bosi wa kumpunguzia zamu. Katika Togo, Cameroon na Côte d'Ivoire taasisi ya Bluemind imewafundisha wasusi misingi ya kumsikiliza mteja mwenye msongo wa mawazo na kumwelekeza kwa wataalamu. Mpango huo umejengwa juu ya jambo ambalo kila mteja analijua, kwamba kichwa kikishikwa mdomo hufunguka. Unaacha wazi swali la nani anamsikiliza msusi baada ya kusikiliza ndoa za watu kutwa nzima.

Mwaka 2020 janga la korona liliyavuruga mazoea haya yote kwa pamoja. Uganda ilizifunga saluni kuanzia Machi hadi Julai. Kenya iliweka kafyu iliyokata saa za jioni, ambazo ndizo za wateja watokao kazini. Mtaani Kibera, Nairobi, ulizuka msuko wa uzi wenye ncha zilizosimama kama picha za kirusi chenyewe, kwa shilingi 50, wakati misuko ya nywele za bandia ilikuwa shilingi mia kadhaa. Uzi, ambao wengi walikuwa wameuacha kwa kuuona wa kizamani, ukarudi kwa kuwa ulikuwa rahisi.

Tangu wakati huo wasusi wengi wamezoea kuitwa nyumbani kwa wateja. Msusi wa kuitwa hana frem, hulipwa kwa simu, na hubeba kila kitu kwenye begi moja, ingawa nauli na foleni humla muda ambao zamani ulikuwa wa kichwa cha pili. Waliobaki kwenye vyumba wameanza kudai malipo ya awali kwa M-Pesa kabla ya kushika nafasi, sharti ambalo wateja wa zamani walilinunia mwanzoni. Wanaolishikilia wamepunguza siku za kumsubiri mtu asiyetokea. Baadhi wamekwenda mbali zaidi na kubandika mlangoni karatasi yenye saa ya kufunga.